Ndoana ya Mama Sahara

Harufu ya kandambili inayochomwa kwa msumari wa moto haifanani na harufu nyingine yoyote. Si moshi tu, si mpira tu. Ina utamu fulani wa kuudhi unaokwama kwenye ulimi kana kwamba umeila. Niliisikia majuzi pale Madogo, nimekaa juu ya begi langu nikingoja gari la kwenda Hola. Fundi viatu mmoja aliutoa msumari kwenye makaa kwa koleo, akautia kwenye kandambili ya bluu ili apitishe kamba mpya. Tssss. Basi, palepale sikuwa tena mwanamke wa miaka arobaini na kitu anayepika kwenye kambi za watengeneza barabara, leo huku, kesho kule. Nilikuwa msichana wa miaka kumi, nimechuchumaa jikoni kwa bibi yangu, machozi ya moshi yananitoka, natengeneza chelezo, kile kinachoelea juu ya mshipi wa kuvulia.

Kwetu ni upande wa Garsen, kijiji kilichojificha nyuma ya migomba si mbali na Kulesa. Mto Tana una tabia ya kuhamahama, kama mimi. Ukichoka na njia moja unaiacha, unachukua nyingine, na ile ya zamani inabaki kuwa ziwa lililopinda kama mundu. Ziwa letu lilikuwa la namna hiyo. Juu yake majani yalikuwa yameota, yakasukana mizizi kwa mizizi mpaka yakawa zulia nene linaloelea. Sisi watoto tuliliita godoro. Ulikuwa unaweza kutembea juu yake, nyayo zako zikizama kidogo na maji ya uvuguvugu yakipanda katikati ya vidole. Ukipiga hatua hapa, majani yanatikisika kule mbali, kama mtu amejigeuza usingizini.

Samaki walijaa chini ya godoro, kwenye giza na ubaridi. Ili uwapate unakata tundu kwa panga, upana wa karai, unaweka ubao wa mtumbwi uliovunjika ili uzito wako usambae, unakaa, unatumbukiza mshipi. Kijana mmoja kambini aliwahi kunionyesha kwenye simu yake watu wa nchi za baridi waliotoboa barafu ya ziwa, wamekaa kwenye viti vidogo, kila mmoja ameinamia tundu lake. Akaniambia, "Mama, hawa wana wazimu." Nikamwambia, "Hawa ni watu wa kwetu, ila wamevaa makoti."

Mwaka ule nilitaka kitu kimoja tu duniani: kwenda dago. Mafuriko yakishapungua, mjomba wangu Jillo alikuwa akipakia mitumbwi na kwenda kupiga kambi upande wa mbali wa ziwa. Huko walivua, wakabanika samaki juu ya moto, wakala wakalala wakavua tena. Binamu yangu Buya, aliyenizidi umri kidogo tu na majivuno mengi, alikuwa amekwenda mwaka uliotangulia, na tangu arudi alikuwa hawezi kumaliza chakula bila kusema, "Hii si kitu, kule dago sisi tulikuwa tunakula..."

Mjomba hakukataa wasichana. Nasema hivyo kwa sababu watu wengi wakinisikiliza hudhani alikataa. Alikuwa na sharti moja kwa kila mtu, mkubwa kwa mdogo: uje na mshipi wako mwenyewe, na mshipi huo uwe umefunguliwa. Kufungua mshipi ni hivi. Samaki wa kwanza wa mshipi mpya haliwi na mwenyewe. Anapelekewa yule aliyekupa ndoana, anamla, anatamka, "Nimekula cha mkono wako." Hapo mshipi umefunguka. Kabla ya hapo ni uzi tu. Mjomba alikuwa hachezi na jambo hilo. Alisema mshipi ambao haujafunguliwa hauingii mtumbwini mwake hata ukiwa umefungwa kwenye sanduku.

Basi nikaanza kutafuta vifaa. Nani kati yenu anakumbuka furaha ya kukusanya kitu kidogokidogo, kipande hiki leo na kingine kesho, mpaka mkononi una kitu kizima? Mshipi niliusokota kwa nyuzi za tairi la lori lililopasukia barabarani. Nilizichambua mpaka vidole vikawa vyekundu, kisha nikazisokota pajani huku Bibi akinirekebisha. "Usikaze hivyo, Mwana, unasokota mshipi, hunyongi mtu." Kwa chubwi, kile kizito cha kuuzamisha, nilipata nati ya baiskeli. Chelezo nikakichonga kutoka kwenye kisigino cha kandambili iliyokufa, nikakitoboa kwa msumari wa moto, na Bibi akapiga chafya jioni nzima.

Iliyobaki ikawa ndoana. Buya alikuwa nazo tele, amezichoma kwenye ukingo wa kofia yake ili tuzione.

"Nipe moja, Buya."

"Nikupe, halafu samaki wako wa kwanza awe wangu?" Akajifanya anawaza, kidole kwenye kidevu. "Wewe utavua kichura. Mimi sitaki kula kichura."

Sikumbembeleza. Nilijua pahali pengine penye ndoana.

Barabarani, mwanzo wa kijiji, palikuwa na duka la mabati la Mama Sahara. Alikuwa Msomali aliyekuja na mume mfanyabiashara wa mifugo. Mume alipofariki alibaki na duka na binti yake mdogo, huyo Sahara, ambaye wakati huo alikuwa bado anatambaa kwenye magunia ya sukari. Mama Sahara alikuwa mrefu, sauti yake nzito, na alikuwa na jicho la kumjua mtoto aliyetumwa sukari na akairamba njiani. Dukani mwake, juu kabisa, nyuma ya mishumaa, palining'inia kadi yenye ndoana, rangi yake imefifia kwa jua. Nilikuwa nikienda kununua chumvi, nanunua, halafu nabaki nimetazama juu.

"Naa," aliniita siku moja, kama Wasomali wanavyomwita msichana. "Kila siku wewe naangalia juu kama paka naona nyama. Iko nini huko?"

"Ndoana, Mama."

"Ya kaka yako?"

"Yangu. Nataka kwenda dago."

Alicheka mpaka shanga zake zikalia. Kisha akapanda kwenye kreti, akaishusha kadi, akapuliza vumbi, akachomoa ndoana moja na kunitilia kiganjani, akinifunga vidole vyangu juu yake taratibu ili isinichome. "Chukua. Hii kitu mimi iko nayo tangu Sahara hajazaliwa. Watu ya hapa nanunua kwa mwenzake. Kwangu nanunua sukari."

Nilikimbia nyumbani bila ile chumvi niliyotumwa.

Siku moja kabla ya safari, alasiri, tulikwenda godoroni mimi na Buya, kwa kuwa Bibi alikataa nisiende peke yangu. Nilichimba nyungunyungu chini ya migomba nikawatia kwenye kopo pamoja na udongo wao. Mjomba Jillo alinikatia tundu, akanilazia ubao, akanipa somo zima la uvuvi kwa sentensi moja: "Chelezo kikicheza, tulia, kikizama, vuta." Akaondoka kwenda kuziba mtumbwi.

Niaminini, jambo hilo ni rahisi kulisikia na gumu kulitenda. Chelezo changu cha bluu kilikaa juu ya maji meusi ya tundu, kidogo kama kifungo cha shati. Kwa muda mrefu hakikufanya lolote. Niliona kereng'ende akitua juu yake na kuondoka. Nilisikia ng'ombe wa Waorma ng'ambo wakishuka kunywa maji, kengele zao za mbao zikigonga polepole. Halafu chelezo kikatikisika mara moja, kidogo tu, kana kwamba mtu amekigusa kwa kidole kutoka chini, na moyo wangu ukaruka pamoja nacho, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Ndoana ikatoka tupu ikapita sikioni kwa Buya.

"Wee! Unavua mimi?"

Nikatia chambo kingine. Kikacheza, nikavuta. Tupu. Kikacheza tena, nikavuta tena. Nilikuwa nalisha samaki wa ziwa lile kama mtu aliyealika wageni. Buya alilala chali juu ya majani, kofia usoni, akihesabu kwa sauti nyungunyungu waliobaki kana kwamba anatangaza matokeo ya mpira redioni. Jua likaanza kuelekea kwenye mikoma. Kopo likabaki na nyungunyungu mmoja, mnene, na nadhani yeye mwenyewe alijua yuko peke yake.

Nikamtia kwenye ndoana. Kisha nikafanya kitu ambacho sikuambiwa na mtu: niliukalia mkono wangu wa kulia. Mshipi niliushika kwa kushoto, mkono usiojua haraka. Chelezo kikacheza. Nikatulia. Kikaenda upande, kikarudi, kikazunguka kama mlevi anayetafuta mlango. Halafu, jamani, kikatoweka. Hakikuzama polepole, kilitoweka, na mshipi ukakata kiganja changu kama wembe.

"Buyaaa!"

Yule samaki alikuwa na nguvu za ndama. Aliingia chini ya godoro, akazunguka mizizi, na mshipi ukakwama. Nilivuta, godoro likavutika nami. Buya alikuwa amesimama sasa, anarukaruka, na kila akiruka ubao wangu ulipanda na kushuka kama pembea.

"Acha kuruka! Umezunguka mzizi!"

"Ulegeze! Ulegeze, Mwana! La, usiulegeze!"

Nililala kifudifudi kwenye ubao nikatia mkono tunduni mpaka begani, shavu langu limelowa, nikifuata mshipi kwa vidole katikati ya mizizi inayoteleza.

"Mamba, Mwana! Toa mkono!" Buya alikuwa karibu kulia.

Nilikuwa nawajua mamba. Nilikuwa nimewaogopa tangu nizaliwe, na leo nikimwona mtoto akifanya vile nitamvuta miguu. Lakini wakati ule hapakuwa na nafasi ya mamba kichwani mwangu. Vidole vyangu viligusa ngozi laini, baridi, isiyo na magamba. Vikapanda vikakuta ndevu. Vikaingia kwenye shavu la samaki. Nikashika, nikavuta, nikajiviringisha. Kambare akatua majanini kati yetu, mweusi, anang'aa, urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole, akijipigapiga huku tukimwangukia sote wawili tukicheka na kupiga kelele zisizo na maneno.

Buya ndiye aliyeacha kucheka kwanza. Alikaa chini, akanitazama, na uso wake ukaanza kufunguka polepole kwa furaha ya namna nyingine.

"Mwana," akasema, "kwani ile ndoana ulipewa na nani?"

Nikamwambia.

"Mama Sahara." Akalirudia jina hilo kama anaonja asali. "Mama Sahara anakula samaki?"

Nikabaki nimemshika kambare wangu, maji yananichuruzika. Kila mtoto wa kwetu alilijua jibu. Watu wa mifugo, wale wa zamani hasa, walikuwa hawali samaki. Walikuwa wakituona tunavyochambua miiba kwa meno na kugeuza nyuso zao. Wazee wao walisema ng'ombe humkimbia mtu anayenuka samaki. Na mimi, katika ziwa zima na kijiji kizima kilichojaa walaji samaki, nilikuwa nimekwenda kuchukua ndoana kwa mtu pekee asiyewala.

Mjomba alinisikiliza akiwa na lami mikononi. Nilimwomba tubadilishe, nipewe ndoana nyingine, Bibi amle yule samaki, tufanye vyovyote. Akatikisa kichwa. "Samaki ameshatoka, Mwana. Na ametoka kwa ndoana ile. Mpelekee. Akila, kesho asubuhi njoo na blanketi lako. Asipokula, mwaka ujao upo."

Mwaka ujao! Mtoto anayeambiwa mwaka ujao ni sawa na mtu mzima anayeambiwa ahera.

Bibi aliingia jikoni. Alimpaka kambare majivu akamsugua utelezi wote, akambanika mpaka ngozi ikawa na rangi ya dhahabu, kisha akamchemsha kwenye tui la nazi na vipande vya embe bichi. Harufu ile! Buya alizunguka jiko kama mbwa. Bibi alimtoa kila mwiba aliouona, akaweka minofu kwenye bakuli lake la bati lenye maua, akalifunika kwa sahani. "Mwambie nimetoa miiba," akasema. "Na usimsukume. Mtu hasukumwi kinywani."

Dukani nilikuta wanaume watatu wamekaa kwenye benchi, ndugu zake Mama Sahara waliokuwa wameleta ng'ombe mtoni. Walikuwa wanakunywa chai ya maziwa. Niliweka bakuli juu ya meza, nikaeleza. Nilieleza vibaya, nikiruka huku na huku, samaki, mjomba, godoro, blanketi. Mama Sahara alisikiliza kiwiko kikiwa juu ya mzani. Kisha akalifunua bakuli.

"Hii ndiyo ile iko na ndevu?"

"Ndiyo, Mama. Bibi ametoa miiba."

Mmoja wa wanaume, mwenye ndevu nyekundu za hina, alisema kitu kwa Kisomali, na benchi zima likacheka. Akanigeukia kwa Kiswahili ili nami nisikose. "Mwambie akule! Kesho ng'ombe yote nakimbia mpaka Garissa!"

Mama Sahara hakucheka. Alinitazama mimi. "Na mimi nakataa, wewe nafanya nini?"

"Sifanyi kitu, Mama. Nitabaki."

"Nabaki nalia?"

"Kidogo."

Alisimama akaenda nyuma ya pazia. Nilisikia maji yakimwagika kwenye beseni. Nilidhani ameondoka, kwamba ndiyo njia yake ya kukataa bila kunitazama usoni. Pazia likafunguka. Alikuwa amekunja mikono ya baibui, mikono yake imelowa maji. Aliketi mbele ya bakuli kama mtu anayeketi mbele ya daktari. Akasema bismillahi, akachukua mnofu, si kipande cha kuonja bali mnofu hasa, akautia kinywani.

Alitafuna macho yamefumba. Alitafuna muda mrefu. Nikaona koo lake likipanda, likasimama, likashuka. Akafungua macho yaliyojaa maji akaniambia, "Sema, mimi nasema nini?"

"Useme, nimekula cha mkono wako."

"Mimi nakula ya mkono yako." Akavuta chai ya yule mwenye ndevu nyekundu, akaimaliza yote. "Nafunguka?"

"Umefunguka!"

"Basi toka, nenda, toka."

Sikuwahi kukimbia vile tena maishani. Asubuhi nilikuwa wa kwanza kufika kwenye mitumbwi, blanketi kichwani, mshipi umezungushwa kwenye kijiti, umande unanilowesha miguu. Buya alinikuta nimekwisha kaa mahali pake. Akanitazama, akavua kofia, akachomoa ndoana moja. "Ya akiba," akasema. "Na samaki wake usiniletee."

Dago ilikuwa kama alivyoisifu, na zaidi. Ningeanza kuwasimulia tusingemaliza. Niseme tu niliporudi nilikuwa nanuka moshi mpaka kwenye nywele, na kitu cha kwanza nilichofanya ni kumpelekea Mama Sahara tita la samaki waliobanikwa, wanono kuliko wote. Nilikuwa na hakika kwamba amegundua utamu aliokuwa ameukosa siku zote, maskini, kwa kukosa wa kumwonjesha. Alilipokea kwa mikono miwili. Akalitundika juu, palepale ilipokuwa kadi ya ndoana. "Asante sana, naa. Nzuri sana." Nikampelekea mwaka uliofuata, na uliofuata huo, mpaka nilipomaliza shule ya upili na kushikwa na ugonjwa wa barabara ambao sijapona mpaka leo.

Sasa nirudi Madogo, kwa yule fundi viatu. Nyuma yake palikuwa na hoteli ya chai, na mwenye hoteli alitoka kumletea fundi kikombe. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti nzito. Nilimtazama yeye, naye akanitazama.

"Wewe ni wa kwetu kule," akasema. "Wewe ni Mwana wa samaki."

Alikuwa Sahara. Gari la Hola lilikuja likaondoka bila mimi. Tulikunywa chai, tukahesabu walio hai na walioondoka. Mama yake alikuwa miongoni mwa walioondoka. Nikamwambia jinsi nilivyofurahi kila mwaka kumpelekea tita lake, jinsi alivyowapenda wale samaki.

Sahara aliweka kikombe chini. "Aliwapenda?" Akaanza kucheka, akajifunika mdomo kwa mtandio. "Dada, ile siku ulipotoka mbio, mama alikwenda nyuma ya duka akatapika mpaka akakaa chini. Wale wengine wote alikuwa akiwapa wapiga makasia wa kivuko. Lakini kwanza alikuwa akiwaacha wakining'inia dukani wiki nzima, ukipita uwaone."

Mle kichwani niliona tena koo lile likipanda na kusimama. Wakati ule nilidhani lilisimama kwa utamu.

"Na wajomba zangu," Sahara akaendelea, "walimpa jina. Mpaka anakufa hawakumwita kwa jina jingine. Mama Samaki. Walikuwa wakimwita hata mbele ya wageni, hata harusini kwangu."

"Naye akasemaje?"

Sahara alinyanyua birika, akanijazia kikombe mpaka juu.

"Aliitika," akasema.